Kopo la Walinzi

Wanaishi ndani ya kopo la biskuti, arobaini na mmoja,
chini ya kitanda changu, ghorofa ya tatu, Kikwajuni,
katika nyumba hizi hizi tunazoziita za Wajerumani.
Si mimi niliyepanga kichekesho hicho.

Wa kwanza nilimwokota Darajani,
kwenye fungu la mitumba, mfukoni mwa koti la mtoto:
mzee wa plastiki, wa kijivu, kimo cha kidole gumba,
kofia ya kiraia, kitambaa kimefungwa mkononi,
na bunduki ya kuwindia ndege.
Nikamgeuza, nikamgeuza tena.
Nikasema, lo, huyu ni mimi.

Maana na mimi ni mlinzi. Duka la vitambaa, Mchangani,
tangu magharibi mpaka adhana ya alfajiri,
na rungu la mpera
na tochi isiyowaka mpaka ipigwe kofi.
Tajiri ananiita "jeshi".
Mwizi akija kweli, sijui nani atamlinda nani.

Mbarouk, mtoto wa dada, anaosha vyombo Bremen.
Nilimwandikia: nitafutie wenzake.
Alidhani namtania. Kisha bahasha zikaanza kuja.

Sitaki wale wa mwanzo wa vita,
wenye mabuti ya kung'aa, videvu juu, wakiingia miji ya watu.
Hao wakusanye wengine.
Mimi nataka wa mwezi wa mwisho:
kinyozi, mwalimu mwenye miwani, dereva wa treni,
na kijana wa miaka kumi na mitano,
kofia ya chuma imemmeza mpaka puani,
begani bomba la kupigia vifaru,
kalibeba kama anayempelekea seremala ubao.
Walipewa mji uliokwisha kuvunjika
wakaambiwa: lindeni.

Siwatakasi. Najua nani aliwatuma,
najua moshi gani ulikuwa ukifuka nyuma ya migongo yao.
Ndiyo maana rangi ninayowapaka ni ya matope,
kwa brashi ya nyusi ya Raya, ambayo mpaka leo anaitafuta.

Nyumba ilipoporomoka Mkunazini, masika yale,
watu walikwenda kutazama.
Mimi nilikwenda na mfuko wa unga mtupu.
Nikarudi na chokaa, vijiwe, kipande cha boriti kilicholiwa na mchwa.
Sasa ndiyo Berlin yangu, juu ya sinia.

"Malaika hawaingii penye masanamu," kasema Raya.
Basi ndiyo kopo. Ndiyo kifuniko.

Jumapili alikuja Ilham, mjukuu, miaka saba,
akawapanga wote mkekani.
"Babu, wanalinda nini?"
"Mji."
"Uko wapi?"
Nikasogeza sinia.
"Mbona huu ushavunjika?"
"Naam."
"Basi si waende kwao?"

Nikajifanya natafuta miwani.
Nilipogeuka, yule kijana kalazwa chali
juu ya leso ya bibi yake, kafunikwa mpaka kidevuni,
bomba limewekwa pembeni, mbali, kama kiatu.
"Huyu ana skuli kesho," akasema.

Usiku ule Mchangani nilikaa juu ya kigoda changu,
makufuli saba mbele yangu, paka mmoja,
na kila gari lililopita lilimulika mlango
likaniacha gizani na rungu langu.
Asubuhi nikahesabu kopo: arobaini.
Nikahesabu tena. Nikaangalia chini ya mkeka.
Nikacheka peke yangu.
Yuko Jang'ombe, chini ya mto wa mtoto.
Sijamdai.

Mbarouk anasema yupo mmoja adimu sana,
katupa bunduki, mikono juu,
watengenezaji walimtoa mara moja tu, hawakurudia.
Bei yake mshahara wangu wa mwezi, na posta juu.
Raya asisikie.
Naweka akiba.